Unga Hausomi Saa: Roli za Mdalasini katika Joto la Lamu

Hotuba kwa kina mama na vijana waokaji, Mkomani, Lamu

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Bibi zangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa kiume mliokaa pale kwenye daka mkijifanya mnapita tu, ingieni ndani. Mkate hauulizi mkono uliokanda ni wa nani.

Nimetakiwa nizungumze juu ya roli za mdalasini, zile za kukunja, zenye aisingi nyeupe juu, ambazo siku hizi watu wanaziulizia kwenye harusi na hata kwenye futari. Naanza na swali. Nani hapa hajui kupika mahamri? Sioni mkono. Basi nusu ya kazi yangu mumeshanifanyia, maana donge la roli ni ndugu wa donge la mahamri: unga wa ngano, hamira, sukari, na kitu cha majimaji chenye mafuta ndani yake. Kwetu sisi ni tui. Kwa wenzetu wa nchi za baridi ni maziwa na siagi. Roli inaongeza yai na siagi kidogo, kisha badala ya kutoswa kwenye mafuta ya moto inakaa ndani ya joto kavu la oveni. Hata iliki, msidhani ni yetu peke yetu. Waswidi ndio watu wanaozienzi roli hizi kuliko wengi, mpaka wamezitengea siku yake, tarehe 4 Oktoba, tangu mwaka 1999. Na Mswidi akikanda unga wa roli, anatia iliki. Mpe hamri ya asubuhi na mbaazi za nazi, ataijua ladha yake kabla hajamaliza kutafuna.

Kwa hiyo kinachowashinda wengi si mkono. Ni maandishi. Unafungua simu, unakuta maelezo ya mtu aliye Stockholm au Chicago. Jikoni kwake nyuzi 20, madirisha yamefungwa, nje baridi. Anakwambia: funika unga, uache saa moja na nusu uumuke. Wewe uko Lamu, mwezi wa Februari, kaskazi imelala, jua la saa nane limekaa juu ya paa, na jikoni kwako ni nyuzi 32. Ukimtii, saa moja na nusu ikifika unga wako umeshavuka mpaka zamani. Unanuka pombe, umelegea, na siagi inachuruzika pembeni. Kisha unasikia mtu akisema, "Mimi mambo haya ya kizungu siyawezi." Unayaweza sana. Umeiamini saa ya mtu mwingine tu.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote ninayaning'iniza hapo. Maelezo yale yaliandikwa kwa jikoni nyingine, na sisi tuna jikoni letu.

Hamira ni kiumbe hai. Ndani ya friji, kwenye nyuzi 4 hivi, inasinzia; inafanya kazi, lakini kwa uvivu mkubwa. Kati ya nyuzi 25 na 35 inakimbia. Ikifika nyuzi 55 na kuendelea inakufa, ndiyo maana mtu akimimina tui lililotoka motoni moja kwa moja juu ya hamira anapata jiwe. Katika joto la kawaida la jikoni, kila nyuzi kama 10 zinazoongezeka, kasi yake inakaribia kuwa maradufu. Fanyeni hesabu wenyewe: dakika 90 za Stockholm zinakuwa dakika 40 na kitu hapa kwetu, na mchana wa kaskazi pengine hazifiki. Na unga unaoumuka mbio hauna muda wa kutengeneza ladha. Unajaa pumzi, lakini ukiutafuna hauna utamu wowote zaidi ya sukari uliyotia.

Sasa, badala ya saa, tazama donge na uliguse. Mwanzo, baada ya kukanda, liwe laini kama ndewe ya sikio. Liache mpaka limekuwa mara mbili ya lilivyokuwa, kisha chovya kidole kwenye unga mkavu ukibonyeze katikati. Tundu likibaki palepale, liko tayari kusukumwa. Likirudi juu upesi, bado. Na likianguka lote kwa pumzi moja, umechelewa. Lakini usilitupe, likande upya, kata vipande, kaanga kama mahamri, na watu wa nyumbani watashukuru bila kujua kilichotokea.

Chukueni kalamu, nitoe vipimo.

Unga wa ngano gramu 500, yaani robo ya pakiti ya kilo mbili. Sukari gramu 75, vijiko sita vya mezani. Chumvi kijiko kimoja cha chai, na wale mnaopunguza chumvi kwenye vitu vitamu nawaomba muache, kwa sababu chumvi ndiyo inayoishika hamira isikimbie ovyo na ndiyo inayoufanya utamu uonekane. Iliki kijiko kimoja cha chai, iliyopondwa sasa hivi, si ile ya kopo iliyokaa tangu mfungo sita. Yai moja. Siagi gramu 50 iliyolainika. Hamira ile ya punje ndogo ndogo: wakati wa kaskazi gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, wakati wa kusi, mwezi wa Julai hivi, ongeza ifike gramu 7. Na tui mililita 240.

Juu ya tui nitasimama kidogo, maana hapa kina mama wanaharibu kwa mapenzi. Mtu anakuna nazi yake, anakamua kwenye kifumbu, anapata tui la kwanza zito, zuri, na kwa ukarimu wake anatia lote hilo tupu. Tui zito lina mafuta mengi na maji machache. Unga unataka maji ili ushikane, na hamira nayo inataka maji ili ifanye kazi. Ukitia tui la kwanza peke yake unapata donge gumu, zito, linalopasuka ukilisukuma. Changanya nusu tui la kwanza na nusu tui la pili. Na usilimimine lote. Zuia vijiko viwili au vitatu mpaka uone unga unasemaje, kwa sababu unga wa kisiwani unakaa na unyevu wa bahari, na pakiti iliyofunguliwa wiki jana haitaki majimaji sawa na iliyoshuka leo kwenye boti kutoka Mokowe.

Tui hilo liwe baridi. Najua mumezoea la vuguvugu, na kwa mahamri ya alfajiri vuguvugu ni sawa. Lakini ukikanda dakika kumi kwa mkono, msuguano wenyewe unatia joto, na jikoni nalo linaongeza lake. Tui la friji linakupa nafasi ya kupumua.

Kanda vitu vyote isipokuwa siagi. Dakika tano, sita, mpaka donge linaanza kuvutika. Hapo ndipo utie siagi, kipande kwa kipande. Ukitia siagi mwanzo, mafuta yanazifunika chembe za unga kabla hazijashikana, na itakubidi ukande mara mbili zaidi. Utajua umefika pale utakapovuta kipande kwa vidole vyote na kupata utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika.

Na mkandie wapi? Nyumba zetu za zamani wazee walizijenga wakijua wanachofanya: kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba vya chini vyenye giza na ubaridi, na jiko likapandishwa juu kabisa ili moshi na joto viende zao. Basi kanda chini, umusha chini, sukuma chini, kisha panda na sinia juu wakati wa kuoka. Magoti yatalalamika, lakini siagi itabaki ndani ya roli. Siagi inaanza kuyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na jikoni la juu mchana wa Februari linafika huko bila moto kuwashwa.

Walio na friji wana njia bora zaidi, nayo inafaa hasa mwezi wa Ramadhani. Baada ya tarawehe, kanda donge. Liache liumuke kidogo tu, dakika 15 au 20, lifunike vizuri, lilaze ndani ya friji. Usiku kucha litaumuka polepole, na uchachu mwembamba utaingia ambao donge la haraka halina. Ukiamka kwa daku unalikuta gumu kiasi, baridi, linalosukumika bila kushika kibao, na upepo wa alfajiri nao uko upande wako. Na umeme ukikatika? Barafu ndani ya kasha la plastiki itakufikisha asubuhi. Lakini nawasihi, lisiwe kasha la samaki. Hata lingesuguliwa kwa majivu na ndimu, siagi ina pua.

Tukija kwenye mdalasini wenyewe, hapa nina maneno mengi, mnivumilie.

Mkiingia dukani kule Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mtakuta aina mbili, na mara nyingi mwenye duka atawaambia ni kitu kimoja. Aina ya kwanza ni gome nene, gumu, lililojikunja mkunjo mmoja, ambalo hata kwenye kinu linakushinda. Asili yake ni miti ya China, Vietnam na Indonesia. Aina ya pili ni gome jembamba, tabaka nyingi zilizolaliana, ukilibana kwa vidole linavunjika. Hilo asili yake ni Sri Lanka, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wana miti yake. Gome nene lina ukali na joto kinywani. Ndilo wanalolitumia zaidi Wamarekani kwenye roli zao, kwa hiyo ile harufu inayokufuata mlangoni mwa mikahawa yao ni yake. Gome jembamba ni la upole, lina utamu na harufu inayokaribia ya ua. Kwa chai nalitaka hilo peke yake. Kwa roli, likikaa peke yake linazamishwa na sukari. Mimi nachanganya nusu kwa nusu, na sijaona sababu ya kuacha.

Kuna jambo la afya pia, nilitaje kwa ufupi. Gome nene lina kitu kinachoitwa kumarini, ambacho kikizidi kwa watu wengine kinalemea ini. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya wameweka kiwango cha kila siku kuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na kijiko kimoja cha chai cha gome nene kinaweza kumfikisha mtu mzima kwenye kiwango hicho. Roli moja haina kijiko kizima, na hakuna anayekula roli kila siku. Wanaohitaji kuangalia ni wale wanaotia vijiko kwenye maji ya moto kila asubuhi wakiambiwa ni dawa. Gome jembamba lina kumarini kidogo mno.

Na msidharau gome hili kwa kuwa mnalinunua kwa fungu. Wagiriki wa kale walisimuliwa, na wakaamini, kwamba mdalasini huokotwa kwenye viota vya ndege wakubwa. Waliosimulia bila shaka walikuwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara hana haja ya kumwonyesha mteja njia ya kwenye bidhaa. Bahari ndiyo iliyojua. Mwaka 1506 Wareno walitia nanga hapa hapa Lamu wakamlazimisha mfalme wa mji kulipa kodi, na ni katika miaka hiyohiyo walipofika Sri Lanka, wakalikuta gome, wakaling'ang'ania. Waholanzi wakawatoa kabisa mwaka 1658. Waingereza wakawatoa Waholanzi mwaka 1796. Karne tatu za mizinga, na mtu analiacha gome lenyewe kwenye kopo lisilofunikwa mpaka linapoteza harufu! Linunue zima, lisage kidogo kidogo, lifunike.

Usitie mdalasini ndani ya donge. Najua inavutia. Lakini kile kinachoupa mdalasini ukali wake, mafuta yanayoitwa sinamaldehaidi, kinazuia vijidudu na ukungu kukua, na hamira nayo ni jamaa ya ukungu. Ukizidisha, donge halinyanyuki. Mdalasini ukae ndani ya mkunjo.

Mkunjo wenyewe: siagi laini gramu 80, mdalasini vijiko viwili vya mezani, chumvi kidogo, sukari gramu 150, na kijiko kimoja cha unga mkavu. Huo unga watu wanauruka, na ndio unaoshika sukari iliyoyeyuka isikimbilie chini ya sinia. Sukari ya madukani kwetu ina punje kubwa, isage kidogo kwenye blenda. Nusu yake iwe sukari guru iliyokunwa. Wenzetu wanatumia sukari laini ya kahawia, na ile rangi na utamu mzito wake unatokana na molasi; sukari guru ina hayo yote, tena zaidi. Mwenye samli na atumie samli, ila aipunguze mpaka gramu 60 kwa sababu samli haina maji, ni mafuta matupu, na aongeze kijiko cha pili cha unga.

Sukuma donge liwe la sentimita 40 kwa 30. Paka mkunjo kote, acha ukingo mmoja mrefu wa vidole viwili bila kitu ili ushikane. Kunja kutoka upande mrefu wa pili, usikaze sana. Ukikaza, roli ikiumuka haina pa kwenda, katikati inachomoza juu kama kidole. Sasa kata vipande 12. Kisu kinabana na kuzifunga zile tabaka, kwa hiyo pitisha uzi chini ya donge, leta ncha mbili juu, zipishanishe, vuta. Na uzi mnao: ule wa kushonea kofia, mpya, safi. Mume akiuliza umekwenda wapi, mpe roli.

Panga kwenye sinia iliyopakwa siagi, acha nafasi ya kidole baina yao. Ziumuke tena, dakika 20 mpaka 30 kwa joto letu. Na zikiwa zimetoka friji, hata saa nzima. Safari hii ukibonyeza, tundu lirudi polepole na libakishe alama. Usisubiri ziwe kubwa kabisa. Joto la oveni litamalizia.

Moto. Mwenye oveni, nyuzi 180, dakika 22 hadi 25, mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu. Mwenye kipimajoto apate nyuzi 88 au 90 katikati ya roli ya kati. Oveni nyingi za gesi tulizonazo zina moto wa chini tu, na roli ina sukari na siagi chini yake, kwa hiyo inaungua chini na huku juu ni nyeupe. Weka sinia tupu kwenye safu ya chini ili ikinge moto, pandisha roli safu ya juu.

Asiye na oveni asinung'unike. Bibi zetu wamepika mkate wa mayai miaka mingi kwa makaa juu na makaa chini, na hakuna mgeni aliyewahi kuuonja akasema umekosa oveni. Ni moto ule ule. Sufuria nzito, mchanga kidogo chini yake, sinia ndogo ya roli juu ya vijiwe vitatu, kifuniko cha bati, na makaa yaliyoshika vizuri. Mkate wa mayai wenyewe unataka moto mkubwa juu na mdogo chini. Roli inataka hivyo hivyo zaidi. Theluthi mbili za makaa ziwe juu ya kifuniko, na chini uache machache ya pembeni, si ya katikati. Usifunue kabla ya robo saa. Bibi yeyote kati ya hawa waliokaa mbele anajua kwa harufu wakati wa kufunua, mwulizeni yeye, si mimi.

Nimefika kwenye aisingi, na hapa najua nitagombana na vijana.

Ile aisingi nzito nyeupe ya jibini ni ya Wamarekani. Mswidi hatii, ananyunyiza punje kubwa za sukari juu, basi. Kwa hiyo roli isiyo na aisingi haikupungukiwa na kitu, na anayekwambia "hii si yenyewe" hajasafiri. Lakini wateja wanaitaka, na mimi nauza, kwa hiyo tuifanye vizuri.

Ya jibini kwanza. Jibini ya kupaka gramu 120, siagi gramu 60, sukari ya aisingi gramu 180, matone ya vanila, chumvi, na maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Mpangilio ndio siri. Wengi wanapiga jibini na sukari pamoja, kisha wanashangaa imekuwa uji. Sukari inavuta maji kutoka kwenye jibini, na kadiri unavyopiga ndivyo inavyozidi kuwa nyepesi. Unaongeza sukari, inakuwa nyepesi tena na tamu isiyolika. Piga siagi na sukari kwanza mpaka zimekuwa krimu. Jibini itoke friji, baridi kabisa, uitie mwisho, na upige kwa muda mfupi tu.

Jibini hiyo inafika kisiwani kwa bei ya kuumiza. Chukua mtindi mzito usio na sukari, ufunge kwenye kitambaa cha melimeli, utundike ndani ya friji juu ya bakuli usiku mzima. Maji yanatoka, kinachobaki ni cheupe, kizito, na kina uchachu. Si sawa na ile ya kopo. Ni laini zaidi. Kwa roli naipenda zaidi, maana uchachu ndio unaohitajika pale kwenye sukari nyingi.

Ila sikilizeni vizuri hapa, hasa mnaouza. Aisingi yenye jibini au mtindi haikai nje. Kwenye joto linalozidi nyuzi 32, vyakula vya maziwa vya namna hii havistahili kukaa nje zaidi ya saa moja. Harusi zetu mnazijua. Kadi imeandikwa saa kumi, chakula kinatoka saa tatu usiku. Ukipeleka sinia ya roli za jibini ikakaa mezani muda wote huo, umepeleka matumbo ya watu hatarini na jina lako pia.

Kwa harusi, kwa maulidi, kwa safari ya boti hadi Shela, nawashauri aisingi ya tui. Sukari ya aisingi gramu 200, tui la kwanza vijiko viwili hadi vitatu vya mezani, ndimu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Tui lichemshwe kwanza, lipoe kabisa, kwa sababu tui bichi linachacha haraka kuliko maziwa. Koroga mpaka ichuruzike kwenye kijiko kama utepe unaokatika polepole. Usitegemee igande kwa mafuta ya nazi: hayo yanayeyuka kwenye nyuzi 24, na Lamu hatuna nyuzi 24 isipokuwa usiku wa kusi. Inaganda kwa sukari. Baada ya nusu saa inashika ngozi nyembamba juu, haimwagiki, haishiki kwenye kitambaa. Ladha yake wageni wanaoshuka Shela hawajaionja kwao, na hilo kwa biashara si dogo. Mgeni ana roli za jibini mtaani kwake. Hakuvuka bahari kuja kula ile ile.

Kumimina aisingi ni lini? Maelezo ya kizungu yanasema roli zikiwa za moto, ili iingie ndani. Kwao inaingia nusu, nusu inabaki juu. Kwetu inaingia yote, unabaki na roli lililolowa na sinia yenye ziwa la sukari. Subiri mpaka ukishika sinia kwa kiganja chini isikuchome kabisa. Mwenye kutaka yote mawili apake kidogo sana zikiwa za moto, kisha amimine aisingi iliyobaki roli zikipoa. Na anayepelekea watu mbali asimimine kabisa. Atie aisingi kwenye chupa ndogo, wamimine wenyewe wakifika.

Swali la kukauka niliulizwa hapa mlangoni. Roli ya asubuhi jioni imekuwa ngumu, nifanyeje? Tumia uji. Sifanyi mzaha. Kabla ya kukanda, chukua katika ule unga gramu 25 na katika lile tui mililita 120, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito, nyuzi 65 hivi, upoe, kisha utie kwenye donge pamoja na vitu vingine. Wanga ukishapikwa unashika maji mengi kuliko unga mbichi, na unayashika mpaka kesho yake. Wachina na Wajapani wana mikate laini sana kwa njia hii. Ukifanya hivyo donge litashika mkononi kidogo. Usije ukaogopa ukaongeza unga; liache hivyo hivyo.

Kuhusu bei sitasema mengi. Hesabu gesi au makaa, hesabu nazi, hesabu mpanda punda aliyekuletea unga kutoka gatini, na hesabu mkono wako. Wengi wanahesabu vyote isipokuwa mkono.

Sasa tuinuke. Madonge mawili niliyokanda jana usiku yako kwenye friji ya mwenye nyumba, na unga wa la tatu umeshapimwa kwa wanaotaka kuanza mwanzo. Wenye kutumia makaa wakae upande huu wa kiwanda, yaani ua wa ndani, karibu na bibi. Wenye oveni wanifuate juu. Vijana wa dakani, maji ya kunawa yako kwenye birika, na nyinyi ndio mtakaokuna nazi. Mbuzi ziko mbili.